Mashindano ya taa za Krismasi majumbani, Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Novemba ikielekea kuisha, simu zinaanza. Wa kwanza ni wenyeji wa mjini, wa Soweto, Rau, Pasua, Majengo na Shanty Town. Baada yao wanafuata wale wanaojiandaa kuja kuhesabiwa kutoka Dar, yaani kurudi nyumbani kwa sikukuu, boksi la taa za Kariakoo likiwa limeshafungwa pamoja na mizigo mingine. Maswali yao yanafanana mwaka hadi mwaka, kwa hiyo tumeyakusanya hapa. Yanahusu mashindano ya kawaida ya mtaani na ya ukoo, yasiyo na mdhamini wala kiingilio. Msimamo wetu utauona ukijitokeza katika karibu kila jibu: taa za nje hufungwa kwa ajili ya anayepita barabarani.

Tunaanzaje? Mtaani kwetu hatujawahi kufanya.

Familia tano zinatosha. Kaeni siku moja mkubaliane mambo matatu: tarehe ya kuwasha, usiku wa ukaguzi, na nani atakagua. Mwenyekiti wa mtaa apewe taarifa mapema, hasa kama mnategemea watu kuja kutembea usiku.

Msianze kuwasha mapema mno. Kuanzia tarehe 15 Desemba ni vizuri, maana kabla ya hapo nyumba nyingi bado hazijajaa watu. Ukaguzi tunashauri uwe kati ya tarehe 27 na 29. Tarehe 24 watu wako mkesha, 25 ni ya familia, 26 wengi wamepanda migombani, vijijini mlimani, kuwaona wazee, na ikifika 30 wengine wanaanza kutafuta tiketi za kurudi. Kuwasha iwe saa moja usiku, kwa sababu Desemba jua la hapa linazama baada ya saa kumi na mbili na nusu. Kuzima iwe saa nne. Usiku wa mkesha na wa mwaka mpya mnaweza kuongeza muda kwa makubaliano.

Wenye pesa si ndio watakaoshinda kila mwaka?

Watashinda kama mtahesabu balbu. Msizihesabu. Hili ndilo jambo linalovunja mashindano mengi: mwaka wa kwanza watu wana furaha, mwaka wa pili mmoja analeta taa za kufunika ghorofa zima, mwaka wa tatu wengine wanakata tamaa na mtaa unabaki na nyumba moja inayong'aa peke yake.

Gaweni alama ili wingi wa taa usiwe na alama hata moja. Alama nyingi zaidi ziende kwenye ubunifu, zinazofuata ziende kwenye namna nyumba inavyoonekana ukiwa umesimama barabarani, kisha usalama, kisha kazi iliyofanywa na watoto wa nyumba hiyo. Wakaguzi watoke mtaa mwingine, na watembee kwa miguu. Mtu aliye ndani ya gari haoni kitu, anaona mwanga tu.

Kuna nyumba Pasua, ya matofali, haijapigwa plasta, na mbele yake kuna mgomba mmoja wenye mkungu. Vijana wa hapo walichukua seti moja ya taa za kijani wakaizungusha kwenye mkungu, chane kwa chane, kuanzia juu hadi kwenye ndizi za mwisho. Chini, penye lile ua la zambarau linaloning'inia, wakaweka taa moja nyekundu. Basi. Ukipita gizani huoni mgomba wala nyumba, unaona mkungu wa ndizi umeelea hewani. Watoto wa mtaa mzima walikuwa wamejipanga pale. Nyumba za aina hiyo zinastahili kushinda, na kanuni zenu ziziruhusu zishinde.

Kwa upande mwingine, nyumba nyingi za Shanty Town zina kuta ndefu na geti la bati. Mwenye nyumba anapamba bustani, baraza na miti ya ndani, halafu geti linafungwa. Aliye nje anaona ukuta. Nyumba kama hiyo ama ifungue geti saa za mashindano, ama ipambe upande wa nje wa ukuta.

Zitakula uniti ngapi za LUKU, umeme wa kulipia kabla?

Chache kuliko unavyofikiri, ukinunua LED. Seti ya taa 100 za LED hutumia kama wati 6. Chukua seti kumi: wati 60. Hata ukiziwasha kwa muda wa saa tano kila usiku kwa usiku 14, ni uniti 4.2. Mteja wa kawaida wa kundi la T1 hulipa Sh292 kwa uniti, na ukijumlisha VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (udhibiti wa nishati na maji) inafika kama Sh356. Jumla haifiki hata Sh1,500 kwa wiki mbili.

Zile taa za zamani za balbu ndogo za kioo ni habari nyingine. Seti ya balbu 100 hula kama wati 40. Seti kumi kwa muda ule ule ni uniti 28, karibu Sh10,000. Kwa aliye kundi la D1, la watumiaji wadogo, anayelipa Sh100 kwa uniti kabla ya kodi, hatari ni kuvuka uniti 75 za mwezi, maana uniti zinazozidi zinahesabiwa kwa Sh350. Desemba ndiyo mwezi nyumba imejaa wageni, friji inafunguliwa kutwa, pasi haipoi, kwa hiyo ukomo huo unafikiwa haraka. Jagi la umeme peke yake hula kama wati 2,000, sawa na seti zaidi ya 300 za LED. Ukiona umeme unaisha haraka, angalia jikoni kabla ya kulaumu taa.

Dada yangu yuko Marekani, ametuma boksi zima la taa. Nichomeke tu?

Hapana. Umeme wa Marekani ni volti 120, wetu ni 230. Geuza boksi utafute maandishi madogo karibu na plagi. Ikiandikwa 120V peke yake, ukichomeka hapa zitawaka kwa mwanga mkali ajabu kwa sekunde chache kisha zitaungua, na zinaweza kuanzisha moto. Ikiandikwa 100-240V, adapta yake inakubali umeme wetu. Taa za 120V zinahitaji transfoma ya kushusha umeme, na bei ya transfoma nzuri mara nyingi inazidi ya taa mpya. Mwambie dada akushike mkono kwa njia nyingine. Taa za kutoka Uingereza hazina shida, volti ni zile zile na plagi ni ile ile ya miguu mitatu.

Plagi ina miguu miwili, soketi ina matundu matatu. Watu huchokonoa tundu la juu kwa kalamu. Kuna ubaya?

Upo, na tunaomba uache leo. Lile tundu la juu ni la ethi (waya unaokwenda ardhini), na mguu wake ndio unaofungua vifuniko vilivyowekwa kuzuia watoto wasiingize vidole au misumari kwenye umeme. Ukichokonoa kwa kalamu, umeiondoa kinga hiyo. Pia miguu ile miwili haikai sawasawa ndani ya soketi. Inacheza, inapiga cheche, plastiki inaanza kuyeyuka. Ukisikia harufu ya kuungua karibu na soketi ya taa za Krismasi, mara nyingi chanzo ni hicho. Adapta ya miguu mitatu inapatikana duka lolote la vifaa vya umeme mjini na haina bei kubwa.

Wakaguzi wenu wawe na haki ya kuomba kuona soketi. Nyumba yenye kalamu kwenye soketi isipewe alama za usalama hata ikipendeza namna gani.

Naweza kuzungushia taa geti, seng'enge au fensi ya umeme?

Fensi ya umeme: hapana, hata kama umeizima. Itawashwa na mtu asiyejua, na waya za taa hazikutengenezwa kukaa na umeme wa fensi.

Seng'enge: hapana. Miba yake inachana plastiki ya waya, na kidonda hukioni mpaka mvua inaponyesha.

Geti la chuma: inawezekana, kwa masharti. Geti ndicho kitu ambacho kila mtoto wa mtaani anashika. Waya ukichubuka pale, chuma chote kinakuwa na umeme. Kwa hiyo kwenye geti tumia taa za volti ndogo tu, zile ambazo adapta inabaki ndani ya nyumba na kinachotoka nje ni volti 12 au 24. Waya usipite kwenye bawaba wala pale geti linapojifungia. Na kabla ya yote, fundi umeme apime kama ethi ya nyumba inafanya kazi na kama breka inakata ipasavyo panapotokea shoti. Nyumba nyingi za zamani mjini zina waya wa ethi ulioliwa na kutu ardhini bila mwenye nyumba kujua.

Usifunge chochote kwenye nguzo ya TANESCO wala kwenye waya unaoingia nyumbani kutoka kwenye nguzo. Ngazi ya aluminiamu usiisimamishe karibu na waya huo.

Na mvua?

Vuli mara nyingi bado ipo Desemba, na ukanda wa juu kama Kibosho na Uru hupata manyunyu hata siku ambayo Moshi mjini jua linawaka. Tafuta alama ya IP kwenye boksi. Tarakimu ya pili ndiyo ya maji: IP20 ni za ndani tu, IP44 zinavumilia kumwagiwa maji, IP65 zinahimili mvua kubwa. Isiyo na alama yoyote ichukulie kuwa ya ndani.

Zaidi ya taa zenyewe, kinachopata maji ni maungio. Ekstensheni isilale kwenye nyasi. Iwe chini ya baraza, juu ya tofali. Waya unaoingia kwenye soketi uache uning'inie kwanza chini ya soketi ndipo upande, ili maji yadondoke pale chini badala ya kufuata waya hadi ndani. Maungio yaliyofungwa kwa tepu nyeusi peke yake hayafai kukaa nje. Na ekstensheni ya kuzungusha kwenye gurudumu ikunjue yote. Ikibaki imejikunja na umeme mwingi unapita, inapata joto na inaweza kuyeyuka.

Moto ukitokea, zima swichi kuu kwanza, usimwage maji, piga Zimamoto 114.

Kumbikumbi wanajaa kila ninapowasha. Nifanyeje?

Jioni baada ya mvua hawakwepeki kabisa, lakini rangi inasaidia. Taa nyeupe kali na za bluu ndizo zinazowavuta zaidi. Za njano iliyokolea, za rangi ya chungwa na nyekundu huwavuta kidogo. Ukiona wameanza kutoka ardhini, zima kwa dakika arobaini hivi, huwa wanamaliza haraka. Mabawa yafagie asubuhi kabla hayajalowa na kuganda barazani. Kuku watamaliza waliobaki.

Umeme ukikatika usiku wa ukaguzi?

Wekeni usiku wa akiba tangu mwanzo, muuandike kabisa. Jenereta tunashauri mzikataze kwenye mashindano: zina kelele, moshi wake unawakera watembeao, na zinarudisha ushindi kwa mwenye pesa. Betri na inveta ziruhusiwe. Umeme unaporudi kwa ghafla, taa ziwe zimezimwa kwenye swichi, maana adapta nyingi za LED hufa wakati huo.

Sola je?

Nzuri sana kwa njia ya kuingilia na kwa nyumba isiyo na umeme wa kutosha. Tatizo la migombani ni kivuli. Paneli ndogo iliyochomekwa chini ya migomba na mikahawa haichaji kitu, na asubuhi za mawingu ya mlimani zinapunguza zaidi. Ipandishe juu ya bati upande unaopata jua.

Sisi tunasherehekea kijijini, Machame. Wazee hawataki taa, wanasema ni mambo ya baa. Tuwaambieje?

Msiwashtukize. Wengi wanafika tarehe 22 usiku, asubuhi wanapanda juu ya paa na nyundo kabla hata ya kukaa na wazee. Kaa kwanza, kunywa chai, kisha zungumza: "Shikamoo baba. Tulikuwa tunaomba ruhusa yako tufunge taa pale kwenye njia ya kuingilia, wajukuu wapate kuziona. Tutazifunga wapi ambapo hazitakusumbua?" Swali hilo la mwisho ndilo linalofungua mlango. Mzee akishaonyesha mahali, taa zinakuwa zake, na utamkuta jioni anawaita majirani.

Sababu ya pili ya wazee kukataa ni ya haki kabisa: taa zinazomulika chumbani kwao. Bibi mwenye macho yaliyochoka hawezi kulala na taa inayobadilika rangi dirishani. Fungeni mbali na dirisha lake, na ziwe za kuwaka bila kumeta.

Kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, kuna jambo moja zaidi la usalama. Majani makavu ya migomba yanashika moto upesi, kwa hiyo yaondoeni kabla ya kufunga taa, na balbu za zamani zinazopata joto msizitumie kabisa. Msipigilie misumari kwenye shina la mti kushikilia waya. Kamba ya katani inatosha. Makaburi ya kihambani yaacheni, isipokuwa ukoo wote umekubaliana.

Tumechoka na nyota na kulungu wa Ulaya. Tutengeneze nini?

Swali tunalolipenda kuliko yote. Kulungu anayevuta gari la theluji hajawahi kupita Njia Panda ya Himo, na wageni wanaokuja Moshi wameshamwona kwao.

Tengenezeni mlima. Fito za mianzi, waya laini wa kufungia, na taa nyeupe kwa kilele. Angalieni vizuri kabla ya kuanza, kwa sababu karibu kila mtu anakosea hapa: anachora Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, kama piramidi. Kibo ni bapa juu, imelala kama bakuli lililofunikwa, na barafu yake haifuati mstari ulionyooka. Kutoka mjini Mawenzi inakaa kulia, fupi zaidi, mita 5,149 kwa 5,895 za Kibo, na kilele chake kimechongoka na kukatikakatika. Mawenzi usiipe taa nyeupe nyingi, itapoteza sura yake. Kati ya vilele hivyo acha nafasi pana ya giza; tandiko lile ndilo linalomfanya mtu aseme "huo ni mlima wetu".

Zizi la Bethlehemu nalo linatoka vizuri likijengwa kama banda letu la ng'ombe: nguzo za mgrivea, hori lenye majani ya migomba, na taa moja ya njano iliyofichwa ndani ya hori ili mwanga utoke chini. Anayepita anaona nyuso za sanamu, haoni balbu. Wengine wamejenga tao la kuingilia kwa migomba miwili kama ya harusi, wakafunga masale, mmea wa heshima kwa Wachagga, pembeni. Kama mna mkrismasi uliochanua mbele ya nyumba, msiuzungushie taa. Weka taa moja ya kumulika chini yake, ielekee juu, maua mekundu yatafanya yaliyobaki.

Wapeni watoto kazi ya kuchora kwanza kwenye karatasi. Mchoro wa mtoto wa darasa la nne mara nyingi una wazo moja wazi, wakati sisi watu wazima tunataka kuweka kila kitu.

Muziki unaruhusiwa?

Kwa sauti ya kusikika getini tu, na usimame saa tatu. Pembezoni mwa barabara hiyo kuna mgonjwa, mtoto mchanga, na mtu wa zamu ya usiku.

Majirani zetu ni Waislamu, na wengine ni Wasabato wasiosherehekea. Inakuwaje?

Waambieni mapema, muwaalike kutazama na kula, msiwalazimishe kupamba. Taa na spika zisielekee msikitini wala kwenye nyumba ya asiyezitaka. Moshi tumezoea kupelekeana sahani sikukuu zote, na watazamaji wazuri kuliko wote ni majirani wasioshindana.

Desturi hii ilitoka wapi?

Marekani. Tarehe 22 Desemba 1882, Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliweka nyumbani kwake New York mti wenye taa 80 za umeme, nyekundu, nyeupe na bluu. Kabla ya hapo watu walibandika mishumaa kwenye matawi, na nyumba ziliungua. Mwaka 1923 Rais Calvin Coolidge aliwasha mti wa taifa Washington. Taa ziliposhuka bei zikatoka nje ya nyumba, na majirani wakaanza kushindana. Mtaa wa Dyker Heights huko Brooklyn sasa unapokea mabasi ya watalii kila Desemba. Kituo cha televisheni cha ABC kilianza mwaka 2013 kurusha shindano la familia kwa zawadi ya dola 50,000, na mwaka 2014 familia moja ya jimbo la New York iliingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kwa taa 601,736 katika nyumba moja. Tunaitaja namba hiyo kwa sababu vijana huiuliza. Hatuoni sababu ya mtaa wowote wa hapa kuikimbilia.

Zawadi iwe nini?

Mbuzi. Kila familia ichangie kidogo, mshindi akabidhiwe, na ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma) iliwe na washiriki wote nyumbani kwake kabla ya watu kusafiri. Pesa taslimu tumeona zinaleta maneno. Watoto wapewe zawadi yao tofauti kwa nyumba waliyoipenda: kila mtoto apewe punje moja ya buni, aitumbukize kwenye kopo la nyumba anayoichagua, kisha makopo yahesabiwe mbele ya wote.

Tukimaliza, tunazihifadhi vipi?

Zishusheni baada ya Epifania, tarehe 6 Januari, zikiwa kavu. Jua la Januari na Februari linachakaza plastiki ya waya, na zikiachwa hadi masika zitakuwa zimepasuka. Kila seti izungushiwe kwenye kipande cha boksi ili isijisokote. Kwanza ziwasheni, zilizokufa ziwekwe pembeni, kwa sababu Desemba hakuna atakayekumbuka. Ziingie kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, kwani panya hutafuna waya zikiwa kwenye mfuko wa sandarusi. Juu ya ndoo andika idadi ya seti, urefu wake, na zilifungwa sehemu gani. Adapta zikae ndoo hiyo hiyo, kila moja imefungwa na taa zake; adapta ya volti 24 ikichomekwa kwenye taa za volti 12 itaziunguza zote usiku wa kwanza.